Mji wa polepole si mji uliolala

Umeuliza kama miji inayojiita ya polepole imekataa maendeleo. Hapana, ndugu yangu. Tazama Orvieto kule Italia, mji wa kale uliojengwa juu ya mwamba. Ni mmoja wa miji minne iliyoanzisha mtandao wa Cittaslow, yaani mtandao wa miji ya polepole, mwaka 1999, pamoja na Greve in Chianti, Bra na Positano. Uanachama una masharti: hewa, taka, nishati, chakula cha wakulima wa karibu, na mji usizidi wakazi 50,000.

Mimi kinachonivutia zaidi ni usafiri. Ukishuka treni pale bondeni, unaingia kwenye behewa dogo linalovutwa kwa kamba ya chuma hadi juu mjini. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1888 ikiendeshwa kwa uzito wa maji, ikaja kufungwa, kisha ikafufuliwa mwaka 1990 kwa umeme. Upande wa pili kuna maegesho ya magari chini ya mwamba, na ngazi za umeme zinakupandisha. Sasa hiyo ni kukataa maendeleo kweli? Gari linabaki chini, na Alhamisi na Jumamosi soko linapangwa Piazza del Popolo, watu wananunua jibini na mboga bila kupigiwa honi.

Kwa hiyo mji wowote ukijinadi hivyo, usiangalie cheti. Uliza wanatenga kiasi gani kwa usafiri wa umma, na wakulima wa jirani wanapewa nafasi sokoni au wanafukuzwa.