Samansi ya baraza la mahakama si zawadi

Wadogo zangu,

Nimesoma mliyoandika kwenye kundi la ukoo kuhusu ndugu yetu aliyeletewa samansi ya baraza la mahakama kule Minnesota, yaani wito wa kwenda kukaa na raia wa kawaida wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia (jury). Mmempongeza. Mmesema Marekani imeshamtambua, akakae barazani kama wale wa kesi ya George Floyd, yule mtu mweusi aliyeuawa na polisi Minneapolis, apokee posho, na uraia utafuata. Mmoja wenu akaongeza kwamba akiulizwa kama ni raia ajibu ndiyo tu, nani ataenda kukagua? Naomba ushauri huo asipewe tena mtu yeyote anayeishi huku bila uraia. Unaangamiza.

Samansi haina maana kwamba umetambuliwa. Minnesota huchota majina kwenye daftari la wapiga kura, leseni za udereva na vitambulisho vya jimbo. Kompyuta inaokota jina. Haijui mwenye jina ana grini kadi (kibali cha ukaaji wa kudumu), viza ya masomo au ombi la hifadhi. Tangu Oktoba 2023 jimbo hilo linatoa leseni hata kwa asiye na makaratasi, kwa hiyo barua hizi zitaendelea kuwafikia wasiostahili.

Ndani ya bahasha kuna fomu ya sifa, na swali la uraia limo. Majibu yote unayatia saini kama kiapo. Asiye raia anaweka alama kwenye hapana, anasaini, anairudisha kabla ya tarehe iliyoandikwa, basi. Mahakama nyingine huomba na nakala ya grini kadi, azipe. Akijaza mtandaoni ahifadhi ukurasa wa uthibitisho; akituma kwa posta, apige picha kila ukurasa kabla ya kufunga bahasha. Picha hizo zikae pamoja na pasipoti kwa miaka, kwa sababu N-400, fomu ya kuomba uraia, inauliza kama umewahi kudai kuwa raia wa Marekani, na siku ya usaili afisa anaweza kulirudia swali hilo uso kwa uso.

Kudai uraia kwa uongo, kuanzia tarehe 30 Septemba 1996, ni kosa ambalo sheria ya uhamiaji karibu haina msamaha nalo. Unaweza kuwa umeoa raia, una watoto raia, umelipa kodi bila kukosa, na alama moja ya kalamu ikakuzuia kupata grini kadi maisha yako yote, au ikakurudisha nyumbani. Aliyepitiliza viza mara nyingi bado anaweza kutafutiwa njia. Huyu aliyedai uraia kwa uongo, ni taabu tupu. Na kuificha barua kabatini si dawa pia, maana kunyamaza kunaleta faini au amri ya kwenda kujieleza mbele ya jaji.

Kama ameshajibu ndiyo, amwone wakili wa uhamiaji wiki hii, si yule jamaa anayejazia watu fomu kanisani. Kauli iliyorekebishwa mapema na kwa hiari, kabla mtu hajagundua, inaweza kumsaidia. Akisubiri aulizwe, amechelewa.

Posho mnayoihesabu: mahakama za shirikisho hulipa dola 50 kwa siku. Mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa kuitwa huko, lakini sheria ya shirikisho haimlazimishi akulipe mshahara wa siku ulizokosa. Kwa anayelipwa kwa saa, kesi ya wiki sita inakula kodi ya nyumba. Hapo hakuna hela ya kutumwa nyumbani, msiipangie matumizi.

Sasa kesi yenyewe ya Derek Chauvin, polisi aliyemuua Floyd. Najua inauma kuitazama video ya Chauvin akimkandamiza Floyd kwa goti dakika 9 na sekunde 29, halafu uambiwe huna haki ya kukaa barazani. Inauma zaidi kwetu tunaoishi huku. Lakini tazameni wale 12 walivyopatikana. Fomu ndefu za maswali zilitumwa miezi kadhaa kabla: umeiona video, una maoni gani kuhusu polisi, umewahi kuandamana? Kuanzia tarehe 9 Machi 2021 wakahojiwa mmoja mmoja, kwa namba, bila kamera kuonyesha sura zao. Kuiona video hakukumwondoa mtu. Swali lilikuwa kama anaweza kuweka kando aliyoyasikia na kuamua kwa ushahidi wa mahakamani. Jaji anaweza kuondoa watu bila kikomo kama upendeleo umedhihirika, na kila upande una idadi maalumu ya kuwakataa bila kutoa sababu. Kwa hiyo habari ikisema mjumbe wa baraza ameondolewa, msianze kulia kwamba kesi imeuzwa.

Hatari ya habari ilionekana tarehe 12 Machi, jiji la Minneapolis lilipotangaza kuilipa familia ya Floyd dola milioni 27. Jaji Peter Cahill aliwaita tena wajumbe saba waliokuwa wamekwisha kuchaguliwa, akawaondoa wawili waliosema tangazo hilo limewagusa. Hukumu ya hatia ilipotoka tarehe 20 Aprili, ilikuwa ya wote 12 kwa kauli moja. Mmoja akigoma, hakuna hukumu, na kesi inaweza kuanza upya. Si kama wazee wa baraza wa nyumbani, ambao jaji aliwasikiliza kisha akaamua mwenyewe.

Na barazani walikuwamo wanaume weusi waliohamia Marekani. Ndiyo maana nawaambia ndugu zetu waliokwisha kuapa uraia: nendeni. Nimesema posho haitoshi, na bado nasema nendeni, mwambieni mwajiri mapema na mweke akiba ya kodi ya nyumba. Msijifanye hamjui Kiingereza ili mrudishwe. Tukikwepa sisi, nani atakaa pale kijana wetu akishtakiwa?

Ila mdomo ufungwe. Baada ya hukumu, mawakili wa Chauvin waliomba kesi irudiwe, na moja ya hoja zao ilikuwa picha ya mjumbe mmoja kwenye maandamano ya Agosti 2020 Washington. Jaji alikataa, lakini mjumbe alishaanikwa dunia nzima.

Na ndugu yetu akipigiwa simu kwamba hakufika barazani na atakamatwa asipolipa kwa kadi za zawadi, akate. Mahakama haidai faini kwa simu.

Na ile picha ya samansi mliyoisambaza kwenye kundi ifuteni leo, kila mmoja kwenye simu yake. Ina anwani yake na namba yake ya mjumbe, na mwenye namba hiyo anaweza kujaribu kumjazia fomu kwa jina lake.