Kuhusu hiyo maina yako

Mwanangu Rehema,

Huku Muheza tu wazima, ila mvua imechelewa na machungwa yametoka madogo. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza mara mbili. Uliposema unatafuta maina, mama yako alishika kifua akidhani umepata mchumba Mkikuyu. Nikamweleza kwamba ni somo la pembeni, kozi tano sita hivi unazobeba pamoja na baiolojia yako kabla ya kuomba udaktari. Akatulia, ingawa naona ile habari ya kwanza alikuwa ameshaanza kuipenda.

Umeuliza: Kihispania au takwimu, kipi kitawapendeza zaidi wale wanaochagua wanafunzi? Hilo sijui. Wewe mwenyewe umesema vyuo vya udaktari huko Marekani havidai maina yoyote, wanatazama alama zako za darasani na ule mtihani wa kuombea udaktari, MCAT, ambao kilele chake ni 528. Basi kama si sharti, uchague kwa sababu nyingine. Huku hata leo mtoto akitoka kidato cha sita na PCB yake, yaani fizikia, kemia na baiolojia, anaingia moja kwa moja miaka mitano ya udaktari, halafu mwaka mmoja wa mafunzo kazini, wala hakuna anayemuuliza pembeni anapenda nini.

Ila mimi nikisikia mgonjwa na lugha vikitajwa pamoja, nimeshafika Mbulu.

Baridi ya Mbulu nimewasimulia hadi mmechoka. Hili sikuwasimulia. Ilikuwa 1986, tabibu kijana, Mbondei niliyejiona najua Kiswahili kuliko nchi nzima. Lugha za Kibantu mtu utazidakadaka, neno hili na lile. Kiiraqw, lugha ya huko, ni Kikushi, hudaki kitu. Akaja bibi mmoja na mjukuu wake wa kiume, miaka kumi hivi, ndiye mkalimani. Bibi alieleza kwa kirefu, mkono umeshika shuka chini ya kitovu, macho kwa mtoto, si kwangu. Mtoto akaniambia, "Tumbo." Nikauliza tangu lini. Bibi akaeleza tena, kirefu zaidi. Mtoto akainama, akawa anachora sakafuni kwa kidole cha mguu. "Tumbo linauma." Nikatoa vidonge vya minyoo, nikaandika minyoo kwenye daftari, nikaita mwingine.

Alirudi baada ya miezi minne. Safari hiyo mama aliyekuwa akitufagilia kituo, mwenyeji wa huko, alikuwepo chumbani. Alimsikiliza bibi, akaegemeza fagio ukutani, akanigeukia. "Daktari, anatoka damu. Anasema alikwambia tangu siku ile."

Bibi wa umri ule, Rehema. Na yule mtoto angeyatamkaje maneno kama hayo ya bibi yake, mbele ya mwanamume mgeni?

Mionzi ya kutibu saratani wakati ule ilikuwa Dar es Salaam tu, na bibi hakuwa mtu wa kufika Dar es Salaam. Labda hiyo miezi minne isingebadili kitu. Labda. Nimejiambia hivyo karibu miaka arobaini.

Kipimo cha kwanza ni sikio. Najua mnavyonicheka nikisema hivyo, kaka yako hata hunimalizia sentensi. Lakini ni sikio, kabla ya damu, kabla ya mkojo, kabla ya picha. Sasa utadhani nakuelekeza kwenye Kihispania, kwa ajili ya hao mama wa Houston uliosema wanakuja kliniki na watoto wa kuwatafsiria.

Ngoja kwanza. Ile minyoo niliyoiandika ilijumlishwa mwisho wa mwezi, ikapelekwa wilayani, ikawa tarakimu kama tarakimu nyingine. Mtu wa takwimu mwenye jicho angeweza kuuliza, mbona kwenye kituo kile vikongwe wanapewa dawa ya minyoo hivyo? Maana sidhani kama bibi yule alikuwa peke yake. Hakuna aliyeuliza. Kwa hiyo takwimu nayo ina kazi yake, siidharau. Ila huyo mwenye jicho naye angehesabu nini, ikiwa aliyeandika hakusikia? Unaona, narudi palepale.

Hapana, sikuchagulii. Mama yako amenikataza, na ana haki: kaka yako nilimchagulia uhasibu, na leo anafuga kuku. Anafuga vizuri, lakini ada ile nililipa mimi.

Ukishaamua tujulishe. Shangazi yako msalimie sana, mwambie iliki nimempa mtu anayekuja mwezi ujao. Na hivi, "umeanza lini kutoka damu?" kwa Kihispania wanasemaje? Nitumie kwa sauti, usiandike.

Baba yako