Jibu: Pampu inanguruma lakini kahawa haitoki

Ndugu, umesema mashine yako ya kahawa inasaga buni vizuri na pampu inanguruma, ila kikombeni yanadondoka matone tu. Usikimbilie kununua pampu mpya. Fungua kwanza bomba la maji ya moto la mashine yenyewe. Yakitoka kwa nguvu, pampu ni nzima. Basi tatizo ni ama unga wa kahawa umesagwa laini mno, ama kile kifaa cha ndani kinachoshindilia unga kimeziba. Kwenye mashine nyingi kinachomoka. Kisuuze kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, kikauke, kisha mpira wake wa duara upake grisi ya silikoni inayofaa kwa vyombo vya chakula. Mafuta ya kupikia hapana kabisa, yanaganda na kunata! Kinu cha mashine nacho kilegeze hatua moja tu ili unga usiwe laini mno, tena kikiwa kinasaga.

Kama hata maji ya moto hayatoki, nashuku hewa imenaswa kwenye pampu. Jaza tangi, lirudishe kwa kulikandamiza, acha bomba wazi mpaka maji yaje mfululizo. Ikigoma, pitisha dawa ya kuondoa chokaa. Kifuniko cha nyuma usikiguse kabla ya kuchomoa umeme na mashine kupoa.

Ukishajaribu bomba, tuambie maji yametokaje.