Simu ikimsikia ndege, nimhesabu?

SWALI: Asalaam aleikum mwalimu. Mimi ni kijana wa Kisauni, huu ni mwaka wa tatu natazama ndege. Mwakani inshallah, kuanzia Januari mosi hadi Desemba 31, nataka kuijaribu rekodi ya spishi nyingi kwa mwaka mmoja hapa Kenya. Juzi nimefanya majaribio kutoka Nyali hadi Mtwapa. Programu ya simu imeniandikia spishi 61 kwa sauti, lakini kwa macho nimeona kama 20 tu. Je, hizo nyingine zinahesabika? Pia kuna jamaa ananiuzia safari ya siku mbili msitu wa Arabuko-Sokoke. Ananihakikishia bundi wa Sokoke kwa kuwa ana spika na rekodi za mlio wake. Nimlipe? Na miezi niipange vipi?

JIBU: Wa aleikum salaam, mwanangu. Nianze na jamaa wa spika, maana pesa bado ziko mfukoni mwako: usimlipe. Sababu nitakupa huko mbele. Kwanza hili la simu, kwa sababu haipiti wiki sijaletewa orodha kama yako, na kila anayeileta anangoja pongezi.

Masharti ya mbio hizi hayana fumbo. Ndege awe hai, awe wa mwituni, awe huru (waliofungiwa vizimbani hawamo), na wewe mwenyewe uwe umemtambua, kwa macho au kwa masikio. Ndiyo, masikio yanakubalika, na hapo ndipo vijana mnapoteleza. Mkisoma kwamba kusikia kunatosha, mnadhani kusikia kwa simu nako kumo. Sharti linasema masikio yako. Nikikuuliza yule wa 34 kwenye orodha yako analia vipi, mlio unapanda au unashuka, alikuwa mkokoni au juu ya mnazi, nawe huna la kusema, basi huyo si wako hata kama jina lake limeandikwa kwa herufi za kijani.

Kwani simu inafanya nini? Inageuza sauti kuwa picha ya mawimbi, inalinganisha picha hiyo na rekodi ilizofundishwa, inatazama uko wapi na ni tarehe gani, halafu inakupa pendekezo. Pendekezo tu. Ndege mwenye rekodi nyingi inamjua vizuri. Mwenye rekodi chache inambahatisha, au inakutajia jirani yake wanayefanana naye mlio. Haina aibu ya kukosea, na wala haitakumbuka kesho kwamba ilikosea.

Sasa iweke simu hiyo kwenye misitu yetu ya Pwani, penye waigaji wa kila aina. Mlamba, yule mweusi mwenye mkia wa panda unayemwona kila shamba la minazi, huiga milio ya hatari ya ndege wengine ili waliopata mdudu wamwangushe na kukimbia, yeye ashuke kuokota. Na kuna kile kindege cha kifua cha rangi ya chungwa kinachopenda vichaka vya kivuli, Shimba Hills mpaka Gede. Kikianza alfajiri utasikia furukombe, yule tai mla samaki, utasikia hondohondo, utasikia na wengine wawili watatu, wote kutoka kichaka kimoja ambacho ukikizunguka hutumii hatua kumi. Simu inawaandika wote. Furukombe ndani ya kichaka cha ukubwa wa meza! Mtu aliyezoea angecheka, lakini mwenye haraka ya rekodi anabonyeza kukubali.

Kosa jingine halionekani kabisa, na ndilo baya zaidi: simu kukunyima ndege aliyekuwepo. Niliwahi kuwa na kundi la wageni Arabuko-Sokoke, upande wa miti ya mirihi, likapita kundi la ndege mchanganyiko juu ya vilele. Makundi yale hayasubiri mtu. Dakika mbili yameshakwenda. Simu zikainuliwa, zikataja kwera wa msituni wa kawaida, wenye simu wakaridhika wakaanza kuandika. Mama mmoja hakuwa na simu. Alikuwa ameinua darubini, akasema mbona mabawa ya huyu yana kingo za njano? Kwera yule wa kawaida mgongo na mabawa yake ni meusi matupu. Mwenye kingo za njano ni kwera wa Clarke, ndege ambaye duniani kote hapatikani ila kaunti ya Kilifi. Mama akamwona. Waliokuwa wakiandika hawakumwona, na kundi halikurudi.

Ndege huyo alipewa jina la kisayansi mwaka 1913. Kiota chake hakikujulikana na wataalamu mpaka 2013, kilipopatikana kwenye madimbwi ya Dakatcha, nyuma ya Malindi. Miaka mia. Na waliokipata waliingia majini kwa miguu yao na kutazama.

Najua mtaniambia kuhusu wakubwa wa dunia. Noah Strycker, Mmarekani, alifikisha spishi 6,042 mwaka 2015. Mwaka uliofuata Mholanzi Arjan Dwarshuis akampita kwa zaidi ya 6,800. Vijana wakisikia namba hizo wanafikiria nauli za ndege na vifaa vya bei. Strycker alitembea dunia nzima na mkoba wa mgongoni, na kila nchi alijiunga na watazamaji wa palepale, watu wanaojua mti gani una nini mwezi gani. Ujuzi wa wenyeji ndio uliompa namba, na ujuzi huo wewe umezaliwa karibu nao.

Miezi nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa ukishajua pepo za kaskazi na kusi umeshajua nusu ya kazi. Kenya ina zaidi ya spishi 1,100 na hakuna anayezimaliza kwa mwaka. Unachopanga ni kutokosa wale wenye msimu. Kaskazi, Januari hadi Machi, ni ya Mida Creek: vitwitwi kutoka Siberia, sululu, na yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, mla kaa, anayechimba shimo la kutagia mchangani huko pwani za Uarabuni. Nenda maji yakianza kujaa, ndege husukumwa karibu nawe. Maji yakiwa yametoka wametawanyika mbali, hata darubini ya miguu mitatu haikufai. Siku za bamvua uwahi zaidi, maana bahari ikifunika tope lote wanahama. Ukiwakosa miezi hiyo bado una Oktoba hadi Desemba.

Kusi ikiingia hamia mdomo wa mto Sabaki, wanapokuja wageni kutoka Bukini. Utazame na shakwe wadogo wanaozaliana kisiwa cha Nyangumi pale Watamu, lakini kwa darubini, kutoka mbali, si kwa kukanyaga kisiwa. Gede kwenye magofu kuna kindege cha ardhini chenye madoa kifuani kinachokuja kutoka kusini miezi hiyo hiyo. Novemba na Desemba, usiku wa giza wenye ukungu, Ngulia kule Tsavo Magharibi ndege wanaohama kutoka Ulaya na Asia huvutwa na taa wakashuka kwa wingi. Wataalamu wanawavisha pete hapo tangu 1969. Milima ya Taita panda mwezi wowote, ingia msitu wa Ngangao, kuna ndege wake wasiopatikana kwingine. Bara, yaani Kakamega, Kinangop na Turkana, utafute mtu wa huko, mimi nisijifanye mwenyeji. Na kunguru wa mjini umwandike tu. Si wa kwetu, aliletwa Unguja miaka ya 1890 na Mombasa akafika katika miaka ya 1940, lakini ameshajimilikisha mji na masharti yanamkubali.

Haya, turudi kwa jamaa yako.

Bundi wa Sokoke ni mdogo, anaenea kwenye kiganja. Wanasayansi walimtambua miaka ya 1960, na makazi yake yanayojulikana ni machache: misitu hii yetu na ile ya chini ya Usambara, Tanzania. Anakaa kwenye vichaka vizito vya udongo mwekundu. Kila jozi ina eneo lake na inalilinda. Unapopiga rekodi ya mlio wake usiku, unamwambia mwenye eneo kwamba ameingia adui. Anaacha kuwinda, anaacha yai au kinda, anakuja kukabili kitu ambacho hakipo. Anajitokeza peupe, na msituni kuna bundi wakubwa wanaokula bundi wadogo. Leo umekuja wewe, kesho kundi jingine, keshokutwa jingine, na spika ni ile ile na jozi ni ile ile, kwa kuwa broka anajua eneo moja tu karibu na barabara. Nimeona sehemu ambapo bundi wameacha kujibu kabisa, na broka akawaambia wageni kwamba mwezi umekuwa mkali.

Waongozaji wa kweli wa msitu ule, wengi wamekulia vijiji vya kandokando, hawahitaji spika. Huamka mapema kuliko wewe, huingia peke yao kutafuta jozi ilipolala mchana ule, halafu wanakuja kukuita. Mnaingia mmoja mmoja, mnainama chini ya miiba, anakuonyesha kwa kidole kitawi cha kimo cha kifua. Hapo wamekaa wawili, mmoja wa kijivu na mwingine mwekundu wa kutu, wamebanana bega kwa bega, macho nusu wazi. Wanakuona. Unatazama nusu dakika, hupigi mwanga wa kamera, unarudi kinyumenyume. Bei yake mara nyingi haizidi ya broka, na spishi umeipata kwa macho yako saa nne asubuhi.

Kinachonipa hasira si bundi peke yake. Biashara hii ya namba imezaa watu wa mkato kila kona. Yuko anayekukatia matawi ili kiota kionekane vizuri kwenye picha. Mteja akishaondoka, kunguru wa kwanza kupita amekiona, na makinda yameliwa kabla hujafika Mtwapa. Yuko anayerusha mawe mikokoni ndege waruke ili kamera ishike mabawa. Yuko anayeweka tarehe ya leo kwenye picha ya mwaka jana. Na wako wengi, wasio na nia mbaya, wanaotuma orodha za simu moja kwa moja kwenye hifadhidata. Hili la mwisho watu wanaliona dogo. Hifadhidata hizo ndizo zinazotazamwa mtu akitaka kujua ndege fulani bado yuko wapi na amepungua kiasi gani. Ukiandika kwamba yuko Bamburi na hayuko, kuna siku mtu atasema ana makazi ya kutosha, msitu fulani unaweza kukatwa. Wakaguzi wa kujitolea wanachuja wanachoweza, lakini wanachuja yaliyo ya ajabu. Kosa la kawaida linapita.

Kwa hiyo fanya hivi na zile 61. Ulioona wabaki. Uliosikia na unaweza kuniigizia mlio wao sasa hivi bila kufungua simu, wabaki pia. Wengine wote futa. Rekodi za sauti usizifute. Rudi nazo mahali palepale, msubiri kila mmoja mpaka atoke, umwone akifungua mdomo. Anza na tipitipi na shore, wako kila uchochoro wenye mti. Utashangaa ni wangapi watatoka kweli, na ni wangapi watakuwa mlamba. Simu uitumie hivyo, ikupe jina la kwenda kulitafuta.

Arabuko-Sokoke ukifika, pitia ofisi ya msitu pale Gede uulize mwongozaji anayetambulika. Ukikutana humo na mtu ana spika, mwambie azime mbele ya wageni wake, bila matusi, kisha rudi ofisini useme ni njia ipi na saa ngapi.