Impela mpya, mashine inawaka, lakini haikojoi: yaliyonipata Dunga

Umeuliza kama mtu asiye fundi anaweza kubadilisha impela (kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa kinachosukuma maji ya kupoza injini) ya mashine ya boti, farasi 15, ile ya kuchanganya petroli na oili. Anaweza. Mimi nilijaribu hapa Dunga, Kisumu, nikaharibu, na siku hizi naibadilisha mwenyewe bila kumwita mtu. Habari za kufungua boliti utaziona kwenye video yoyote, kwa hiyo mimi nitakueleza pale nilipoteleza.

Kwanza usimsikilize anayekwambia mashine ya ziwani haihitaji huduma kwa kuwa maji yetu hayana chumvi. Ni kweli chumvi hatuna, lakini mchanga na tope tunavyo tele. Ukisukuma boti kwenye kina kifupi huku propela inazunguka, pampu inavuta uji wa mchanga, na mchanga unasaga mpira wa impela polepole. Halafu kuna gugumaji. Likiziba vile vitundu vya kuvutia maji, impela inazunguka kavu, na maji ndiyo yanayoilainisha. Mpira mkavu hauchukui muda kuungua.

Yangu nilipoifungua ilikuwa imepoteza mabawa mawili. (Hayo mabawa hayayeyuki, ndugu. Yanapanda na maji na kukwama kwenye njia ya juu. Yatafute mpaka uyapate, la sivyo impela mpya haitakusaidia.) Nilikuwa nimetandika gunia chini ya mti, mpwa wangu ananishikia mguu wa mashine (ile sehemu ya chini yenye pampu na propela), vifaa nimevimwaga popote. Hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Impela haikai kwenye shafti kwa kubanwa tu. Kuna kipande kidogo cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, mafundi wanakiita kii. Nusu yake inaingia kwenye kishimo cha shafti, nusu nyingine inaingia kwenye mfereji ulio ndani ya impela. Ndicho kinachoizungusha. Kikikosekana, shafti inazunguka peke yake, impela imetulia tuli. Ni kidogo hivi kwamba ukikiweka juu ya ukucha wa kidole gumba kinabaki na nafasi.

Nilikiweka mahali pake kikavu, bila grisi, mikono ina jasho. Nikateremsha impela kutoka juu ya shafti. Ikakataa kidogo, nikaisukuma, ikaingia. Nikafurahi! Kumbe ilikuwa imekisukuma kii kikadondoka, na kitu kikianguka kwenye gunia huwezi kukisikia. Nikafunga pampu, nikarudisha mguu, nikaunganisha fito ya gia, nikakaza boliti zote. Hakuna boliti iliyobaki mkononi, kwa hiyo nikajiona fundi.

Tukaiweka mashine kwenye pipa la maji, nikavuta kamba mara tatu, ikawaka. Pipa likachemka mapovu, na nyuma ya mashine, juu ya maji, kukawa na tundu linalotema matone na moshi. Nikamwambia mpwa wangu, "Unaona? Maji yanatoka." Hilo lilikuwa tundu la kupumulia moshi wakati mashine iko taratibu. Linatema unyevu hata pampu ikiwa imekufa. Mkojo wenyewe, unaokuonyesha kwamba pampu inasukuma maji, ni ule uzi wa maji unaotoka pembeni mfululizo kama mtoto anayekojoa, nao haukuwepo. Niliona haupo, ila nikajiambia tundu lake limezibwa na nyigu, nikachokoa kwa waya, nikaachana nalo.

Tukatoka. Hatukufika mbali, kama mwendo wa dakika tano. Nikasikia harufu ya rangi inayoungua, mashine ikapungua nguvu, ikazima yenyewe kama imeshikwa. Nilitia mkono ziwani, nikadondosha tone moja juu ya kichwa cha silinda. Likalia chwii na kupotea. Tukachukua kasia. Upepo wa alasiri ulikuwa umeshaanza na ulikuwa umesukuma gugumaji likafunga njia tuliyotokea, kwa hiyo tulizunguka kwa makasia mpaka mabega yakawaka moto.

Ufuoni jaduong' (mzee, kwa Kijaluo) mmoja anayevua mbuta alikuwa amekaa akitutazama. Hakuuliza kuhusu impela wala spana. Aliuliza, "Kijana, mlipoondoka hapa, mashine ilikuwa inakojoa?"

"Ilikuwa inatema tema, mzee."

"Mimi nimeuliza kukojoa."

Fundi alipofungua, gasketi ya hedi ilikuwa imeungua na pistoni moja imekwaruzika. Pesa nilizotoa zingemlipa yeye kubadilisha impela miaka kadhaa. Kii tulikipata siku hiyohiyo: kimenasa kwenye nyuzi za gunia.

Sasa wewe utakapofanya: tafuta sahani nyeupe, kila unachotoa kiweke humo kwa mpangilio uliokitoa. Kii kipake grisi nzito, kishike kwenye kishimo chake, halafu teremsha impela polepole huku umeupangilia mfereji wake na kii. Ikikataa, itoe utazame, usisukume. Ikishakaa, izungushe kwa mkono: shafti na impela viende pamoja. Nyumba ya pampu ukiishusha, zungusha shafti kufuata saa ukitazama kutoka juu, ili mabawa yalale upande sahihi. Usiizungushe kinyume.

Mashine usiiwashe nje ya maji hata kwa kuonja tu, kwa kuwa utaichoma impela uliyoinunua leo. Kwenye pipa, maji yapite juu ya usawa wa pampu, na mkojo uuone muda mfupi tu baada ya kuwaka. Usipouona, zima kwanza, maswali baadaye.

Na kama ukiifungua ukute bawa limekatika, piga picha ya vipande vyote ulivyovipata uitume hapa, tuvihesabu pamoja kabla hujafunga.