Mzee kaingia kituoni anatembea, sasa hainuki kitini: sio umri peke yake

Mkuu, umeuliza kama mzee wa miaka 84, aliyeingia kituo cha wazee huko Marekani na fimbo yake na baada ya miezi mitatu anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, ndiyo umri umemfikia. Umri unakula misuli, sawa, ila hauli kwa kasi hiyo. Hiyo ni kasi ya kukaa. Mwaka 2007 ilichapishwa Marekani kazi ya watafiti waliowalaza wazee 12 wenye afya kwa siku 10 tu: kwa wastani kila mmoja alipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Sasa mlezi mwenye wazee kumi asubuhi, kumsukuma mmoja hadi mezani ni dakika moja, kumtembeza ni kumi. Atasukuma tu.

Pima kwanza. Kiti kisicho na magurudumu, kimo sentimita 45 hivi, kiegemezwe ukutani. Akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara 5 upesi awezavyo. Zikipita sekunde 15, au akishindwa kumaliza, nguvu za miguu zimeshuka. Mizani usiitegemee, maana maji ya miguu iliyovimba na mafuta ya tumbo huziacha kilo palepale huku mapaja yamenyauka.

Zoezi ni hilohilo la kuinuka. Asogee ukingoni, nyayo zirudi nyuma ya magoti kidogo, ainame mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo aisukume sakafu. Wengi hushindwa kwa sababu wananyanyuka wima, uzito bado uko nyuma, wanarudi kitini kama gunia. Halafu mlezi anamvuta kwapani: bega linaumia na mguu haujafanya kazi. Simama ubavuni, shika mkanda wa kiunoni, ngoja. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kusaidia. Kushuka kuchukue sekunde 3 au 4. Mara 8, apumzike dakika 2, mara 8 tena, siku 3 kwa wiki zisizofuatana. Asiyeweza kabisa, mwekee mto mgumu kimo kifike sentimita 55 na ashike mikono ya kiti, kisha uwe unapunguza kidogo kidogo.

Akiona rahisi, ongeza uzito. Kurushiana puto wamekaa duara ni burudani, msuli hauoni kitu. Huko Boston, Marekani, mwaka 1990, wazee wa kituoni wa miaka 90 hivi walifanyishwa mazoezi ya miguu kwa uzito wa karibu 80% ya uwezo wao wa juu. Ndani ya wiki 8 nguvu zilipanda kwa wastani wa 174%.

Chakula: gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili, yaani mzee wa kilo 60 apate 72 kwa siku. Kinachoharibu ni ratiba. Asubuhi chai, mkate na jamu (gramu 5 au 6), nyama inakuja jioni amechoka na meno bandia yanamchubua. Hamishia asubuhi: mayai 2 (12), glasi ya maziwa (8), maziwa ya unga vijiko 2 vikubwa kwenye uji (5). Vile vinywaji vya lishe vya chupa mpe baada ya mlo. Ukimpa muda mfupi kabla ya kula, sahani inaweza kurudi jikoni nzima. Na bila mazoezi usitarajie makubwa: jaribio la Boston la wazee 100, lililotolewa 1994, lilionyesha kinywaji peke yake hakikuongeza nguvu.

Mwenye figo zilizochoka sana na hayuko kwenye dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine), usimpandishie protini bila daktari. Akisimama akashikwa na kizunguzungu, mkalishe, presha ipimwe amekaa na amesimama, nesi azipitie dawa zake, hasa za presha na za usingizi, kabla hujaendelea.

Ukikosa muda, tumia safari za choo. Kila akipelekwa, ainuke mara 2 badala ya 1. Safari 6 ni mara 12, na hakuna msimamizi atakayekuuliza muda umeutoa wapi.