Jibu: Meneja anataka asilimia 30, nitie saini?

Dadangu, umeeleza kwamba nyimbo zako umezipakia mwenyewe kwa simu, kwamba hoteli moja ya Bamburi inakuita kila mwisho wa mwezi, na kwamba sasa amejitokeza mtu anayetaka asilimia 30 ya kila shilingi utakayoingiza kwa miaka mitano. Nimesimamia wasanii hapa Mombasa tangu enzi za kuzungusha CD redioni, na ningekushauri uamue kwanza ni kazi gani hasa unayotaka kumpa, ndipo mzungumze asilimia.

Zamani meneja alilipwa kwa sababu ya watu anaowajua. Ndiye aliyeelewana na mtangazaji, ndiye aliyepatana bei na mwenye studio, ndiye aliyejua ni hoteli gani ya Nyali au Diani inatafuta bendi mpya kabla ya msimu wa Desemba. Leo wimbo hauhitaji kuombewa njia kwa mtu: majukwaa ya kusikiliza nyimbo mtandaoni kama Mdundo na Boomplay yalitangulia, Spotify ikaingia Kenya mwaka 2021, na kampuni za usambazaji kama DistroKid, zinazokupelekea wimbo kwenye majukwaa hayo, humpokea yeyote anayelipa ada. Kilichobaki ni kazi ya karani, isiyo na sifa wala picha, nayo ndiyo inayowashinda wengi wetu.

Kazi yenyewe ni hii. Kabla hamjatoka studio, iandikwe karatasi ya mgao inayoonyesha nani ametunga maneno, nani ametengeneza mdundo na kila mmoja ana sehemu gani, kisha wote watie saini wakiwa bado wanapendana. Haki ya mtunzi, ya mwimbaji na ya mwenye rekodi ni haki tatu tofauti kwa sheria ya Kenya, na kazi inaweza kusajiliwa KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Wimbo unaotaka uingizwe katika orodha za nyimbo (playlist) zinazopangwa na Spotify yenyewe hupendekezwa angalau siku saba kabla haujatoka, ukishatoka, umechelewa. Tena, tangu mwaka 2024 rekodi ambayo haikufikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12 iliyopita hailipwi chochote huko, kwa hiyo meneja anayekuahidi utajiri wa mitandaoni mwulize hesabu hiyo anaijua.

Akaunti zote zifunguliwe kwa barua pepe na nambari yako ya simu, naye apewe ruhusa tu ya kuziendesha. Namjua mwimbaji wa Likoni ambaye nyimbo zake zote ziliwekwa kwa barua pepe ya meneja. Walipokosana, sauti ilikuwa yake lakini malipo yakaendelea kwenda kwa mwenzake.

Sasa hiyo asilimia 30: ni ya nini? Tuseme umelipwa shilingi 60,000 kwa shughuli ya arusi Mtwapa. Wapigaji wamechukua 25,000, vyombo vya kukodi 10,000, usafiri 5,000. Zimebaki 20,000. Akikata katika kipato ghafi, anaondoka na 18,000 nawe unarudi nyumbani na 2,000 baada ya kuimba usiku kucha. Akikata katika kilichobaki, anapata 6,000 nawe 14,000. Mkataba uliounukuu unasema "kila shilingi", yaani hesabu ile ya kwanza. Kiwango kilichozoeleka katika biashara hii ni kati ya asilimia 15 na 20, na hata hicho usikikubali kabla hakijaandikwa kinakatwa wapi.

Miaka mitano nayo ni mingi kwa mtu ambaye hujaona kazi yake. Omba miezi sita ya majaribio, kisha mwaka mmoja mmoja, pamoja na kifungu kinachosema kwamba mkiachana atalipwa tu kwa kazi alizozitafuta yeye mwenyewe, na kwa muda utakaotajwa. Ile hoteli ya Bamburi uliipata mwenyewe, kwa hiyo itajwe kwa jina ndani ya mkataba kuwa haimo katika hesabu yake.